Nafasi Tupu Si Uvivu
Mwandishi anayedai kuwa bango lenye picha ya simba iliyopakuliwa mtandaoni na maneno matatu ni uvivu amehesabu vilivyobaki, akasahau vilivyoondolewa. Kukata mandhari bila kuacha ukingo mweupe kwenye manyoya ya shingoni, kurudisha kivuli ili mnyama asielee hewani, kumwelekeza atazame maandishi: hiyo ni kazi. Mwaka 1961 mchoraji Peter Scott alichora panda wa nembo ya shirika la uhifadhi WWF kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, gharama ya uchapaji ikiwa miongoni mwa sababu. Nani asiyemtambua panda huyo leo? Nakubali moja: kutumia picha bila kusoma masharti ya leseni ni kosa. Lakini dawa yake ni kusoma, si kurundika rangi. Mapambo hayaokoi wazo bovu.