Sindano ya kujaza mashavu: Ni tiba au ni pambo?

Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile katika tawi lake la Mloganzila, jambo tulilozoea kulisikia kutoka ng'ambo limetukaribia. Safari ya Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam si ya kutisha tena tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, na matangazo ya sindano za kujaza uso uliobonyea hayahitaji hata basi, kwani huingia nyumbani kwa simu. Yatupasa tulifahamu jambo hili kabla mama au binti hajatuomba rai.

Kinachodungwa mara nyingi ni utelezi uitwao asidi ya hayaluroniki, ambao mwili wenyewe huutengeneza. Hudumu miezi 6 hadi 18 hivi, kisha huyeyuka, na daktari anaweza kuuyeyusha mapema kwa dawa maalumu akiona hatari. Hatari yenyewe ni kubwa: ukiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi yaweza kufa, na jicho laweza kupofuka. Silikoni ya majimaji ni balaa zaidi, kwa kuwa haiyeyuki wala haina dawa ya kuiyeyusha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2017.

Ama kuhusu hukumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007. Liliruhusu upasuaji wa kurejesha umbo lililoharibiwa na maradhi, ajali au moto. Likazuia kuondoa makunyanzi kwa upasuaji au kwa sindano, isipokuwa yametokana na ugonjwa, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Asili ya ruhusa hiyo inajulikana: swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka ya fedha ikamnukia vibaya, ndipo Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu.

Mwenye kuukimbia umri basi hana hoja nzito. Tena fahari ya uso hubadilika upesi. Bibi zetu wa Kimwera na Kimakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Wajukuu wakaionea haya, na leo yuko anayelipa fedha nyingi ili midomo ivimbe. Huko Saudi Arabia, Desemba 2021, ngamia zaidi ya 40 waliondolewa katika mashindano ya uzuri kwa sababu wenyewe waliwadunga sindano au kuwafanyia hila nyingine za kuwarembesha. Ikiwa kwa ngamia ni ghushi, mchumba anayefichwa naye ana haki yake.

Lakini yuko mtu ambaye mjadala huu humsahau. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mpango wa taifa mwaka 2004, miongoni mwake ilikuwamo stavudini. Iliokoa maisha ya wengi, lakini kwa baadhi yao ilikula mafuta ya mashavuni yasirudi kama yalivyokuwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache hatua kwa hatua. Waliokwisha kuitumia walibaki na uso unaotoa siri yao sokoni na msibani, hata kama virusi vimefifia kabisa katika damu. Kwa watu wa namna hiyo Marekani iliidhinisha sindano ya kujaza mashavu mwaka 2004 huo huo. Mwanamke wa Kivinje ajifunikaye shungi mpaka machoni kwa sababu hiyo hatafuti pambo. Kwa rai yetu, huyu yu karibu na Arfaja kuliko na wale wa kwenye matangazo, na jamaa wanaomwambia aridhike na alivyo wanamdhulumu.

Kabla ya sindano, hata hivyo, sababu ya kubonyea itafutwe. Mashavu yaliyoingia ndani ghafla yaweza kuwa dalili ya kisukari au kifua kikuu, na vipimo vyake vipo hospitali ya wilaya ya Kinyonga na ya mkoa ya Sokoine. Wengine wamepoteza magego tu, nao meno ya bandia huwasaidia kwa gharama ndogo zaidi.

Anayeamua kudungwa aulize jina la dawa, aone boksi likifunguliwa mbele yake, ahakikishe mdungaji ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwamba dawa ya kuyeyusha ipo chumbani humo humo. Mshipa ukiziba, wakati wa kuuokoa ni mfupi mno. Kwa hiyo asipande basi la Kilwa jioni ile ile; alale kwa jamaa Dar es Salaam, na akiona ngozi imepauka, maumivu yamezidi au jicho limeingia kiza, arudi kwa daktari saa hiyo hiyo.