Albamu Moja kwa Kila Mwaka
Kanuni ya kuchagua albamu moja tu kwa kila mwaka inafaa sana kwa roki ya Uingereza, ila ukiileta hapa Puge, wilayani Nzega, inakwama mapema. Kwa mwaka 1974 nachukua Queen II ya bendi ya Queen bila kusita, na naiweka juu hata ya A Night at the Opera ya 1975 inayopendwa na wengi. Ina upande mweupe na upande mweusi, na nyimbo zote za upande mweusi alizitunga mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946. Zinafuatana kama hadithi moja ndefu. Lakini kwa miaka hiyohiyo, Tabora Jazz niwachagulie albamu gani? Bendi zetu zilirekodi nyimbo Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki maktaba, na zilizobahatika zikatoka kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Basi “Asha” ya Shem Karenga wa Tabora Jazz naipa nafasi ya albamu nzima, na Kiko Kids ya Salum Zahoro, waliotangulia kuichezesha Tabora, wasiachwe nje. Mwaka 1989 kazi ni nyepesi: Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, iliyotolewa na lebo ya Real World ya Uingereza. Inaniuma kwamba albamu kamili ilibidi itoke mbali hivyo. Kanda za redio zipangwe kwa bendi na mwaka, zitolewe rasmi, vijana wa Nzega na Tabora nao wachague na wabishane.