Mchezo wa vitabu usigeuzwe mtihani

Shule zinapofungwa, mzazi wa mjini huwa na hofu mbili: mtoto asije akazurura, wala asishinde mbele ya runinga. Kwa sababu hiyo wengi humfungia nyumbani pamoja na yaya, au humtafutia mwalimu wa masomo ya ziada, ijapokuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo. Mtoto aliyetoka kufanya mtihani juma lililopita huketishwa tena na kalamu mkononi. Hakuna anayemwuliza kama amechoka.

Msomaji, iko njia nyingine, nayo haihitaji pesa. Wakusanye watoto sita au wanane wa ploti yenu, wategeane vitabu. Mmoja afikirie mhusika kutoka katika kitabu ambacho wote wamekisoma, na wenzake wamwulize maswali ya kujibiwa ndiyo au la, yasiyozidi ishirini, mpaka wamtambue. Au jina la mhusika liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mgongoni mwa mtoto bila yeye kuliona, kisha azunguke akiwauliza wenzake yeye ni nani. Wadogo wasiojua kusoma sawasawa huigiza bila kutamka neno, maana Sungura akimhadaa Fisi hutambulika hata kwa macho tu. Wa sekondari watatega magumu zaidi. "Nilizaliwa Tanga, mama yangu alikuwa mwimbaji wa taarabu, nikavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba." Aliyesoma Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, hatangoja umalize.

Huenda ukauliza jambo hili linafanya nini katika kurasa za afya. Akili ya mtoto nayo ni sehemu ya afya yake, na mchezo huu unaifanyisha kazi kwa njia ambayo kukariri hakuwezi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichokisoma walikuwa nacho zaidi baada ya juma moja kuliko wenzao waliokisoma tena na tena. Kutega na kuteguliwa ni kukumbuka huko huko, ila mtoto hana habari kwamba anasoma. Tena anajifunza kuuliza. Vitabu vikiwa 16 mezani na kila swali likiondoa nusu, maswali manne yatosha kukipata kinachotakiwa. Mwenye papara atayataja majina ovyo ovyo hadi maswali yamwishie. Baada ya siku mbili tatu utamsikia akianza kwa "Je, ni mnyama?" au "Je, ni wa kike?", na hapo ujue amekwisha kufahamu.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi machoni pangu ni nyingine. Watoto wetu wengi wanaogopa kukosea. Tangu gredi za chini wamezoea kwamba jibu lisilo sahihi huleta alama nyekundu, kicheko cha darasa, na maneno makali nyumbani. Mtoto wa namna hiyo huchagua kunyamaza. Wengine huamka na maumivu ya tumbo siku ya mtihani, na mzazi akakimbilia dawa ya minyoo.

Wazee wetu walilijua jambo hili walipotutegea vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!" nao hujibu "Tega!", na wakishindwa hapana anayetukanwa. Mtegaji huomba apewe mji. Watampa Lamu, au Kisumu, au mji wowote autakao, naye akishaupokea huwafungulia jibu. Walioshindwa wametoka kwa heshima, tena wakiwa watoaji wa miji! Kushindwa kulikuwa na mlango wa kutokea. Sioni kwa nini mchezo wa vitabu usiwe na mlango huo huo. Kikundi kikishindwa na kitabu, kitoe mji, kiambiwe jibu, na mwingine atege.

Ndiyo maana siungi mkono wazazi wanaoukaribia mchezo huu na daftari la alama. Wapo wanaoweka zawadi kwa mshindi, wanaomlinganisha mwana wao na wa jirani, na wanaokatiza mchezo ili kusahihisha sarufi. Mtoto akiuliza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng au Kiingereza, mwache aulize. Sahihisho lina siku yake. Asiyesoma vizuri apangwe na mwenziwe, wafikirie pamoja na kujibu pamoja, asije akaachwa peke yake mbele ya kundi.

Miili nayo isisahaulike. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kila siku za kuuchosha mwili, na hawawezi kuzipata wakiwa kwenye kochi. Mchezo huu ufanyieni uani. Andikeni majina ya vitabu kwenye makaratasi, yawekwe pembe nne za uwanja, na anayedhani amejua akimbilie pembe yake. Kukaa nje mchana kuna faida nyingine pia, kwani watoto wanaopata muda mwingi nje hawapati sana tatizo la kutoona mbali.

Kuna jambo ambalo mtu mzima aliyeketi kando anaweza kuliona mapema kuliko daktari. Mtoto anayeuliza "nini?" kila anaposomewa dokezo, au anayemtazama msemaji mdomoni, huenda hasikii vizuri, hasa kama amewahi kutokwa na usaha masikioni. Anayesogeza karatasi karibu na pua huenda macho yake yana kasoro. Usimwite mjinga au mvivu. Mpeleke akapimwe kabla shule hazijafunguliwa.

Vitabu visiwe kisingizio. Nairobi kuna maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye matawi Kaloleni na Makadara, na maktaba za umma zimo katika miji mingi ya nchi hii. Vitabu kumi vya kupokezana vyatosha kikundi kwa likizo nzima.

Utasema kwamba wewe hurudi kazini usiku na huna nafasi ya kuwasimamia. Basi mpe kazi hiyo mtoto mkubwa katika ploti, pamoja na yaya. Huyo yaya tunayemdhania hajui lolote aghalabu ana ngano za kwao ambazo hazimo katika kitabu chochote nyumbani mwako. Mwombe naye atege.