Waoga ni Akina Nani?

Katika mjadala niliousimamia shuleni majuzi, kijana mmoja wa kidato cha nne aliinuka akadai kwamba mbio za magari za siku hizi ni mchezo wa waoga. Madereva wa zamani, alisema, ndio waliokuwa wanaume. Wenzake walimpigia makofi kwa kishindo. Nami, kwa kuwa mwenyekiti haruhusiwi kuunga mkono wala kupinga, niliyameza yangu. Leo nayatoa.

Kijana huyo aliutegemea mfano wa Nürburgring, Ujerumani, katika ile njia kongwe iitwayo Nordschleife. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1927 katika milima ya Eifel, nayo huzunguka msituni kwa zaidi ya kilomita 20, ikipanda na kushuka, kona baada ya kona. Bingwa Jackie Stewart wa Uskochi aliibandika jina la Jehanamu ya Kijani. Magari ya Formula One, ambayo wengi wetu huyaita langalanga, yalishindana huko kwa mara ya mwisho mnamo Agosti 1, 1976.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, mnamo Aprili 28, 2007, Nick Heidfeld aliliendesha huko gari la BMW Sauber kwa mizunguko mitatu ya maonyesho. Mwaka wa 1975 Niki Lauda wa Austria alikuwa ameuzunguka mlima ule kwa muda usiofika dakika 7. Heidfeld, mwenye gari jipya na lenye nguvu zaidi, hakuufikia muda huo. Hapo ndipo kijana wetu alipopata ushahidi wake.

Lakini ushahidi huo wathibitisha nini? Gari la langalanga la kisasa, lenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, huundwa kwa ajili ya njia laini kama meza. Tumbo lake karibu liguse lami, na hewa ipitayo juu na chini yake ndiyo inayoligandamiza chini lisiteleze. Lipeleke kwenye Nordschleife, ambako barabara ina mabonde na vilele vinavyoweza kulirusha gari hewani, na ule mgandamizo utatoweka ghafla, pengine katikati ya kona. Ndiyo maana mafundi waliliinua gari la Heidfeld na kulivika tairi ngumu za maonyesho. Huo haukuwa woga. Ilikuwa hesabu.

Na huyo Lauda anayesifiwa kwa ushujaa? Kabla ya mbio za 1976 yeye ndiye aliyewasihi wenzake wazisusie. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: njia ya kilomita 22 haiwezi kuwekewa wazima moto na waokoaji wa kutosha kila mahali. Wengi walimpinga. Siku ya mbio, katika mzunguko wa pili, Ferrari yake iligonga ukingo ikawaka moto, naye akiwa ndani. Waliomchomoa ni madereva wenzake, miongoni mwao Arturo Merzario, waliosimamisha magari yao na kuingia motoni. Hospitalini kasisi alikuja kumpa sakramenti ya mwisho. Nawaomba walimu wenzangu wausome tena mfululizo huo wa matukio, kwani aliyeitaja hatari ndiye iliyempata.

Wiki sita baadaye Lauda alirudi mbioni huko Monza, vidonda havijapona, akamaliza wa nne. Kisha mnamo Oktoba, katika mvua kubwa huko Fuji, Japani, alisimamisha gari baada ya mizunguko miwili akakataa kuendelea. Uamuzi huo ulimpokonya ubingwa: James Hunt alimshinda kwa pointi moja tu. Mwaka wa 1977 aliutwaa tena, na mwingine mnamo 1984. Alifariki mwaka wa 2019, akiwa na umri wa miaka 70.

Sisi nasi tuna Safari Rally, iliyoondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejeshwa mwaka wa 2021 huko Naivasha, ikiwa fupi na katika njia zilizofungwa. Wapo wazee wanaoililia ile ya zamani iliyokimbizwa katikati ya matatu na ng'ombe. Sijawasikia wachunga ng'ombe wakiililia.

Siku ile upande wa kijana ulishinda kwa kura nyingi. Mjadala mwingine umepangwa mwishoni mwa muhula, nami nimeomba mtu mwingine awe mwenyekiti.