Mgao wa kuhesabu vichwa huumiza shule ndogo

ELIMU ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, Serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Baadaye mgao huo uliongezwa hadi Sh1,420.

Kasoro ni kwamba fedha humfuata mtoto. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowatimua wakazi wengi wa Timboroa na Burnt Forest, funzo lilikuwa wazi: madawati yakibaki matupu, mgao wa shule nao hupungua.

Shule yenye watoto 1,000 hupata Sh1.42 milioni, yenye watoto 200 hupata Sh284,000. Hata hivyo, zote mbili zahitaji mlinzi, umeme na paa lisilovuja, hasa katika baridi ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Pengo hilo huachiwa mzazi, na mtoto anayerudishwa nyumbani kutafuta mchango hupitwa na masomo.

Yafaa Serikali iipe kila shule kiwango cha msingi kwanza, ndipo ihesabu vichwa.