Mbuzi zikikufa karibu na mine, labo iseme kwanza

Kila mara mbuzi zinapoanza kufa karibu na mine, tunasikia maneno matatu. Mumoja anasema: ni maji ya acide ya kampuni. Mwingine anasema: ni jirani, amezitupia ulozi. Na mutu wa bureau ya communautés anakuja na gilet yake, anasema: hapana, ni ugonjwa wa mifugo tu, kampuni haiko na neno hapo. Wote watatu hawajapima kitu. Mimi ni mutu wa sendika, watu wananingojea niseme kama yule wa kwanza. Leo ninasema: tuombe labo, na majibu yake tuyapate kwa maandishi, hata kama yatatoka kinyume cha vile tulivyofikiri.

Mbuzi si habari ndogo kwetu. Salaire ikichelewa, ao sous-traitant akikata contrat bila kukuuliza, mbuzi ndiyo inalipa minerval ya mutoto, dawa ya bibi, na safari ya kwenda kwenye kilio. Wengi wetu tuna mbuzi kwa mama ao kwa ndugu kijijini, na hatuna kitu kwenye banki. Mbuzi 10 zikikufa juma moja, ni kama mwaka mzima wa jasho umemwagika chini.

Ugonjwa ule upo kweli. Jina lake kwa Kifaransa ni peste des petits ruminants, kwa ufupi PPR. Wengine wanauita sotoka ya mbuzi. Uliandikwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire mwaka 1942. Kwetu Congo, mwaka 2012, FAO ilisema mbuzi kama 75 000 zilikwisha kufa, na kwamba zingine milioni 1 pamoja na kondoo 600 000 zilikuwa katika hatari. Mbuzi inapata homa kali, machozi na kamasi zinatoka, kinywa kinajaa vidonda, kisha inaharisha, inapumua kwa shida, na kwa siku chache imelala. Virusi yake ni ndugu ya ile ya surua ya watoto wetu, lakini haishiki watu.

Sasa angalia: mbuzi yenye kunywa maji mabaya, nayo inaweza kuharisha na kulala vilevile. Kwa macho tu, hata munganga wa nyama mwenye miaka 30 ya kazi anaweza kukosea. Ndiyo sababu inafaa kuingia ndani ya virusi yenyewe.

Kazi ile wanaiita jenetike, na si ya kutuogopesha. Wanapangusa puani ao machoni mwa mbuzi yenye homa na kijiti cha pamba, wanakipeleka labo, na mashine inatafuta kama maandishi ya virusi yamo. Virusi ya PPR ina maandishi ya herufi karibu 16 000. Kila mara inapojizalisha inakosea herufi moja hapa, ingine kule, na makosa hayo yanabaki kwa watoto wake. Ukisoma kipande kimoja na kukilinganisha na vile vilivyosomwa katika inchi zingine, unajua virusi hii ni ya ukoo gani. Ndugu zetu wenye kuchimba cassitérite na coltan wanajua étiquette inayofungwa kwa mufuko ili mununuzi ajue mawe yametoka wapi. Virusi inatembea na étiquette yake ndani ya tumbo, na yake hakuna négociant anayeweza kuibadilisha njiani!

Wenye elimu wamegawanya PPR kwa koo 4. Ukoo wa 3 umeonekana upande wetu wa mashariki: Uganda, Tanzania, Burundi. Ukoo wa 4 ulijulikana kwanza Asia, lakini sasa umeingia Afrika pia: Maroko mwaka 2008, Sudan, Kamerun, Gabon. Congo iko katikati ya milango hii miwili. Mbuzi za soko zinakuja na kamioni, zinakuja na treni, hakuna anayeuliza zilikolala. Labo ikisoma ukoo, Serikali inaweza kujua njia gani ya kufunga na soko gani ya kukagua, kuliko kufunga zote na kuumiza wamama wanaouza nyama.

Kuna anayesema: chanjo ni moja kwa koo zote 4, kusoma ukoo kuna faida gani? Ni kweli, chanjo ni moja. Ilitengenezwa na virusi iliyopatikana Nigeria mwaka 1975, wakaidhoofisha. Sindano moja inalinda mbuzi miaka 3 ao zaidi. Kwa yule anayetaka tu kuponyesha zizi lake, ukoo si kitu. Lakini mwaka ujao mbuzi zikikufa tena, utajuaje kama ni moto ule wa zamani haukuzimwa, ao ni moto mupya umeletwa na kamioni? Sotoka ya ng'ombe ilimalizwa duniani, ikatangazwa mwaka 2011. PPR inatakiwa imalizwe mwaka 2030. Hawawezi kuimaliza kama hawajui imejificha wapi.

Lakini mimi hasa ninafikiria upande wa haki. Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema mwenye mine analipa uharibifu uliotokana na kazi yake, hata kama hakufanya kosa. Sheria nzuri. Tatizo liko kwa hayo maneno «uliotokana na kazi yake». Nilisindikiza familia moja kwa kampuni fulani, mbuzi zao zote zilikwisha kufa. Walitujibu kwa mudomo: ni PPR. Tukaomba karatasi ya labo. Hakukuwa karatasi. Na sisi pia hatukuwa na yetu, mbuzi zilikwisha kuzikwa, zingine zimeliwa. Tulirudi mikono mitupu.

Labo ikikuta virusi, tuache kupigia kelele bassin ya acide juu ya mbuzi zile, tulilie chanjo. Na yule mama muzee anayeitwa mulozi, apumzike. Labo isipokuta virusi, hiyo peke yake haijahukumu kampuni. Kuna magonjwa mengine. Basi maji yapimwe siku hiyohiyo, na ini la mbuzi iliyokufa lipimwe. Pia vyote viwili vinaweza kuwa pamoja. Na nyama ya mbuzi iliyojifia, wamama, musiipike: virusi haitawashika, lakini hamujui kama ni virusi ao ni sumu.

Watu wa kupima tunao. Faculté ya médecine vétérinaire iko hapa Lubumbashi, kwa UNILU. Kinshasa kuna labo vétérinaire centrale. Labo kubwa za kimataifa za PPR ziko Montpellier, Ufaransa, na Pirbright, Uingereza. Kama kipande kinaenda mbali kusomwa, kiende. Ila cobalt yetu inaenda mbali vilevile na hairudi. Majibu ya mbuzi yarudi.

Délégués wenye kukaa kwenye meza ya cahier des charges, ao kwenye ile dotation ya 0,3 % ya chiffre d'affaires, muombe hivi: frigo moja ya chanjo kwa groupement, na chanjo ya mbuzi zote kuanzia miezi 3 ao 4. Makuta ya usafiri wa vipande hadi labo, vikiwa kwenye barafu, vikichukuliwa mbuzi ikiwa bado hai na homa, mbele ya chef wa kijiji. Maji ya muto yachukuliwe saa ileile, chupa mbili, moja ibaki kwetu. Na majibu yasomwe kijijini kwa Kiswahili, kopi moja kwa chef, moja kwa mwenye mbuzi.