Namba e ilizaliwa kwenye riba, sisi tunaikariri ya nini?

Test zilinimeza kidogo, lakini nipo. Leo nina hoja, na najua kuna watakaonipiga mawe, ila acha niitoe tu.

Mwaka wa kwanza stori huwa ni ileile. Lekchara anaingia, anaandika ubaoni e = 2.71828, anasema hii ni namba muhimu sana, halafu anaanza kuitumia. Wote tunaandika. Ukiuliza imetoka wapi unaambiwa utaikuta kwenye desa. Basi tunaikremu kama namba ya simu, UE inapita, na yenyewe inapita nayo. Mimi nasema tunafundishwa kinyumenyume. Tunapewa jibu, swali tunanyimwa. Na swali lenyewe jamani ni la hela!

Mwaka 1683 Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel kule Uswisi, alijiuliza swali ambalo mkopeshaji yeyote wa mtaani angelielewa. Nalileta kwa shilingi zetu. Umemkopesha mtu 100,000 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Mwaka ukiisha anakupa 200,000. Sasa ukiwa mjanja, unasema riba ihesabiwe mara mbili, asilimia 50 kila miezi sita, na ile riba ya kwanza nayo izae. Unapata 225,000. Umeongeza 25,000 bila jasho!

Tamaa ikipanda unagawa zaidi. Kila miezi mitatu: 244,141. Kila mwezi: 261,304. Kila siku: 271,457. Kila saa: 271,813. Hapo ndipo utamu ulipo. Kutoka mwaka hadi nusu mwaka uliongeza 25,000, lakini kutoka siku hadi saa umeongeza shilingi 356 tu. Gawa kwa sekunde, gawa kwa kufumba na kufumbua, hutavuka 271,828 na senti zake. Kuna dari. Bernoulli alionyesha kwamba dari hiyo, kwa kila shilingi moja, iko kati ya 2 na 3. Dari hiyo ndiyo e.

Kumbe watu walikuwa wameizunguka hata kabla yake. John Napier wa Uskoti alitoa majedwali yake ya logarithimu mwaka 1614, na nyongeza ya toleo la Kiingereza la 1618 ilikuwa na logi asilia za namba kadhaa, ila namba yenyewe haikutajwa popote. Leibniz aliitumia kwenye barua zake kwa Huygens mwaka 1690 na 1691, akaiita b. Herufi e ilikuja na Leonhard Euler, naye kijana wa Basel, mwanafunzi wa Johann Bernoulli, mdogo wake Jacob. Aliiandika kwenye barua kwa Goldbach mwaka 1731, na kwenye kitabu chake cha 1748 akatoa desimali 18. Euler huyohuyo alithibitisha kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Yaani kutoka swali la riba hadi herufi tunayoiandika leo ilichukua karibu miaka 50, na vichwa vikubwa kadhaa. Sisi tunapewa dakika tano.

Nilimwambia hivi rafiki yangu mmoja wa BCom, akacheka. Akasema hizo ni mbwembwe zenu watu wa sayansi, hesabu za riba kalkuleta inamaliza. Sawa, kalkuleta inamaliza. Lakini nani anaibonyeza saa nane usiku, bumu limechelewa, simu imeingiza meseji kwamba unaweza kukopa sasa hivi kwa "asilimia 1 tu kwa siku"? Hapo kinachoamua ni kile ulichonacho kichwani. Na kichwani wengi tunaona asilimia 1 ni kitu kidogo.

Haya, tuipime. Tuseme umekopa 100,000, na kila siku ambayo hujalipa riba inaingizwa kwenye deni na kuzaa riba nyingine. Ukijumlisha kienyeji, shilingi 1,000 mara siku 365, utadhani mwaka ukiisha utadaiwa 465,000. Sasa fanya kama Bernoulli. Asilimia 1 mara 365 ni 3.65. Weka hiyo iwe kipeo cha e, unapata kama 38.5. Yaani dari ya deni lako ni kama milioni 3.85. Hesabu kamili ya siku kwa siku inatoa zaidi ya milioni 3.77. Umeona e ilivyokukaribisha kwenye jibu?

Kuna njia fupi zaidi, nayo inatoka kwenye logi asilia ya 2, ambayo ni 0.693. Chukua 70, gawa kwa asilimia ya riba. Jibu ni muda wa deni kuzidi mara mbili. Asilimia 1 kwa siku: siku 70. Asilimia 10 kwa mwezi: miezi saba na ushee. Hii unaifanya ukiwa umesimama kwenye foleni ya chakula.

Na ule usemi wa kalkulasi unaotutoa jasho, kwamba kasi ya kukua kwa e kwa kipeo x ni sawa na ukubwa wake wenyewe, mtu yeyote mwenye deni anaujua mwilini. Deni likiwa dogo linatambaa. Likiwa kubwa linakimbia, na linakimbia kwa sababu ni kubwa. Wenye hela wanaijua vizuri sana namba hii. Google walipojiandikisha kuuza hisa mwaka 2004 walitangaza watakusanya dola 2,718,281,828. Angalia tarakimu hizo tena.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kipindi cha kwanza cha e kianze na mkopo. Dakika 20 za kugawa mwaka vipande vipande, kila mtu aione dari kwa macho yake, halafu ndiyo herufi iandikwe ubaoni. Na watu wa BCom, ualimu na sheria nao wafundishwe hata kama hawatagusa kalkulasi maisha yao yote, manake mkopo hauulizi unasoma kozi gani.

Mwenye hoja ya kunipinga karibu. Mwenye meseji ya mkopo kwenye simu, kabla hujabonyeza "ndiyo", gawa kwanza 70.